Habari za Msafi na Vidole Vitatu Vilivyogoma Kushika

Sogeeni, enyi wapenzi wa habari kubwa kubwa. Sogeeni nyote, mlioshiba na mnaongoja kushiba, mwenye kiti akae na asiye na kiti ajibanze ukutani, kwa maana leo sisimulii wafalme waliobomoa maboma wala majemadari waliovuka mito usiku juu ya farasi. Hao wamesimuliwa mpaka wamechakaa. Leo nasimulia habari ya mstari mmoja, mwembamba kuliko ukucha wa mtoto mchanga, uliotakiwa ubaki juu ukakimbilia chini, na ya mwanamke mmoja aliyeapa kwamba utabaki juu hata kama mbingu zitaanguka. Nyamaza wewe unayecheka huko nyuma. Nikimaliza utacheka, na mimi nitakusaidia.

Basi palikuwa na maabara katika ghorofa ya pili ya jengo refu linalonuka dawa ya sakafu, na ndani ya maabara hiyo palikuwa na mtafiti mmoja, Shujaa wa Pipeti, yaani kile kimrija cha kunyonyea matone, Mwenye Koti Lisilojua Doa, ambaye wenzake walimwita Msafi. Jina hilo hakupewa bure. Alipangusa meza kabla ya kazi, akaipangusa baada ya kazi, na simu ikilia katikati ya kazi, aliipangusa simu ndipo akapokea. Chupa zake alizipanga kwa kimo, ndefu nyuma na fupi mbele, kama askari wanaongoja kukaguliwa. Mtu akiazima mkasi wake alikuwa akiurudisha mbiombio, maana alijua unahesabiwa.

Na ng'ambo ya meza hiyohiyo, mpaka wao ukiwa ni utepe wa gundi ambao Msafi mwenyewe aliubandika kwa rula, alikaa mtafiti mwenziwe, bwana wa hamira, ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi hamira inavyozeeka. Wote wawili, yeye na meza yake, waliitwa kwa jina moja tu: Ovyo. Vikombe vya chai vilikaa juu ya vitabu, vitabu vilikaa juu ya glavu, na chupa zake zilikuwa na vibandiko vilivyoandikwa kwa kalamu inayokaribia kuisha: "MAJI?" na "BAFA, NADHANI". Msafi alikuwa akiisoma ile "nadhani" kila asubuhi, na kila asubuhi ilimchoma upya.

Sasa niwajulishe majeshi, maana vita visivyo na majeshi ni ugomvi tu wa jikoni. Ndani ya kila chembe hai, iwe ya mtu, ya kuku au ya mchicha, imo DNA, ngazi ndefu iliyosokotwa, ambayo vidato vyake vimeandikwa kwa herufi nne tu zinazorudiwarudiwa bila kuchoka. Kwa kuwa imesokotwa, ubavuni mwake pana mfereji, na anayetaka kuisoma bila kuipasua hana budi kuingia mferejini na kupapasa. Wapapasaji wapo. Wanaitwa vidole vya zinki, na usinicheke, ndivyo wasomi wenyewe walivyoviita. Kila kidole ni kipande kifupi cha uzi wa protini kilichojikunja, lakini hakijikunji kwa ubabe wake mwenyewe: katikati hukaa chembe moja ya zinki, metali ileile inayopakwa mabati yasile kutu, na kona nne za uzi ule huikumbatia chembe hiyo kwa pamoja, ndipo kidole kikapata mfupa, kikasimama. Kikishasimama huingiza ubavu wake mferejini na kupapasa herufi kama tatu hivi. Zikiwa ndizo, kinashika. Zikiwa sizo, kinajiendea zake.

Msafi alikuwa ameunda vidole vitatu kwenye uzi mmoja, vitatu ndugu vilivyofuatana, ili visome sentensi moja fupi ya DNA na kuishika hiyo tu, visishike nyingine yoyote duniani. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya masomo yake ya udaktari, na jasho lake, na ndiko ujana wake ulikokuwa ukienda. Vidole alivipata. Vilikaa kwenye mirija midogo katika friza kubwa ya korido, safi, vyeupe kwenye vipimo vyote, vizuri ajabu. Tatizo lilikuwa moja tu: havikushika kitu.

Na alijuaje? Kwa mstari, jamani, ule mstari niliowaambia. Unatengeneza kipande cha jeli laini kinachotingishika, unachimba vishimo upande wa juu, unatia DNA humo na unapitisha umeme. DNA iliyo peke yake haina mzigo, inatimka mpaka chini. DNA iliyoshikwa na protini imebeba mtu mgongoni, inakokota miguu, na mstari wake unabaki juu. Ukiwasha taa ya zambarau unaona. Miezi na miezi Msafi aliwasha taa ile, na miezi na miezi mistari yote ilikuwa chini, imejipanga sawasawa kwa adabu, kana kwamba vidole vyake havijawahi kuzaliwa.

Hata ikafika Jumatatu ya hukumu. Mkuu wa maabara, ambaye wote walimwita Profesa, mama mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba, asiyepandisha sauti hata siku moja na ndiyo maana wote walimwogopa, alisimama mbele ya kikao akanena.

"Wanangu," alisema, "friza imejaa. Nimeifungua asubuhi, boksi la barafu likaniangukia mguuni. Kila kitu kilichomo humo lazima kiwe na sababu ya kuwamo. Sasa, hivi vidole vya dada yetu hapa. Navipenda. Jina lenyewe linapendeza. Lakini kidole kisichoshika ni cha nini?"

Ovyo akakohoa, akajutia.

"Nakupa mpaka kikao cha Ijumaa," Profesa akamwambia Msafi. "Mstari ukibaki juu, rafu ya friza ni yako na kazi inaendelea. Usipobaki, tunaviondoa, na wewe utahamia kwenye hamira. Kuna mwenzako anahitaji mtu wa kumsaidia."

Mwenzake huyo, enyi wasikilizaji, alikuwa Ovyo. Na hapo ndipo moyo wa shujaa wetu uliposhuka mpaka kwenye soli za viatu. Kupoteza kazi ya miaka ilikuwa msiba. Lakini kuipoteza na kisha kuvuka ule utepe wa gundi, kwenda kuishi kati ya "MAJI?" na "BAFA, NADHANI", akiambiwa na Ovyo nishikie hiki, nioshee kile, hilo lilikuwa zaidi ya msiba. Ovyo naye alimwangalia kwa huruma, akamwambia polepole, "Usijali dada, hamira si mbaya. Inanukia mkate." Msafi akageukia chupa zake, maana angemjibu angelia.

Jioni alirudi nyumbani kwa shangazi yake, dada wa baba, mshonaji wa mapazia, ambaye ndiye aliyemlea tangu shule. Shangazi alikuwa na vitambaa vya mtu mmoja mwenye madirisha mengi, vimetandazwa sebule nzima, na pini mdomoni.

"Vimeshika?" aliuliza, kupitia pini.

"Havijashika, shangazi."

Shangazi akatoa pini. "Sasa hivi vidole vyako vina nini? Mimi nimeshawaambia watu wote wa mtaa kwamba mtoto wetu anafundisha vidole kusoma. Mwenye duka ananiuliza kila siku vimefika darasa la ngapi."

"Mwambie vimefeli."

"Siwezi kumwambia hivyo, nitamwambia vinaumwa." Akamtazama kwa makini, akaona macho. "Njoo hapa, mama. Kaa. Sogeza hilo pazia, kaa. Hebu niambie kama mimi ni mtoto: kidole kinaingia, kinapapasa, kinaona maneno yake, kinashika. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na wewe umekitengeneza sawa?"

"Nimekitengeneza sawa, shangazi! Nimekisafisha kuliko mtu yeyote anavyosafisha! Hakuna protini safi kama yangu ghorofa nzima!"

"Hilo nalijua," shangazi akasema, "tangu mdogo ulikuwa ukiosha hata sabuni." Akarudisha pini mdomoni, akaendelea kupinda, kisha akamwekea mkono begani mpaka akatulia. Msafi alilala akiwa na hofu, nayo hofu ilimtangulia kazini.

Siku ya Jumanne vita vilianza. Alishuka uwanjani, Mwenye Koti Lisilojua Doa, na pipeti zake zikiwa zimepangwa kama mishale, akaongeza protini maradufu, mistari ikashuka. Akapunguza joto la jeli kwa barafu mpaka vidole vyake vya nyama vikawa ganzi, mistari ikashuka. Ndipo akafikiri, kama watu wasafi wanavyofikiri siku zote wanaposhindwa, kwamba kosa ni uchafu. Lazima kuna taka mahali. Akavichukua vidole vyake vitatu akaviosha upya katika bafa yake, kisha akaviosha tena, na Jumatano akaviosha tena.

Sharti niwaeleze bafa hiyo. Bafa ni maji yenye chumvi na dawa ya kutuliza ukali, ambamo protini huishi kama samaki katika birika. Kila mtu hutengeneza ya kwake, na ya Msafi ilikuwa fahari yake kuu: angavu, imechujwa, na ndani yake, kama katika kila kimiminika alichowahi kutengeneza tangu aingie chuo, aliitia dawa iitwayo EDTA. Alifundishwa hivyo. Vimeng'enya viharibifu, wale wezi wanaokata DNA vipandevipande, wamejaa kila mahali, kwenye mate, kwenye mikono, kwenye kitasa cha mlango. Nao hawawezi kazi yao bila chembe za metali. EDTA huzunguka ikizikamata metali, moja baada ya moja, na kuzifunga zisitoke. Metali zikifungwa, wezi wanalala. Kwa hiyo Msafi aliitia kwenye bafa ya kuoshea, akaitia kwenye bafa ya jeli, na kwa usalama, akaongeza kidogo tena juu.

Wewe uliyekwisha kuelewa, funga mdomo. Wengine bado wako njiani, na shujaa wetu ni mmoja wao.

Alhamisi asubuhi aliwasili mapema, akavipasua vile vijidudu alivyovifuga vimtengenezee protini, akatoa fungu jipya kabisa la vidole, la mwisho kabla ya hukumu. Akanyoosha mkono kuchukua chupa yake ya bafa. Chupa ilikuwa nyepesi. Akaitikisa. Tone. Kuosha kote kule kumeimaliza! Akakimbilia mashine ya maji safi, akakuta karatasi imebandikwa: "IMEHARIBIKA, FUNDI ANAKUJA." Na kila mtu anajua fundi anayekuja hukaa wapi: njiani.

Alisimama pale akiwa na vidole vyake barafuni vikingoja pa kukaa. Hapa wapo mashujaa ambao wangerusha mkuki na wapo ambao wangeita majini yao. Msafi alifanya jambo lililo gumu kuliko yote hayo. Alitazama utepe wa gundi. Akauvuka.

"Kaka Ovyo," alisema, na sauti ilimtoka nyembamba. "Una bafa?"

Ovyo aliinua kichwa kutoka kwenye mkate. "Bafa gani?"

"Ya protini. Ya kawaida."

"Ninayo." Akaipapasa meza, akatoa chupa chini ya koti. "Nadhani."

"Unadhani au unajua?"

"Dada, kwani nani anajua? Chukua. Hamira zangu zinaipenda."

Akaichukua kwa vidole viwili, kama mtu anayebeba panya kwa mkia. Akaichuja, kwa heshima ya nafsi yake. Akaosha kwayo fungu lile jipya, akaimimina kwenye sanduku la jeli, akatia DNA, akatia vidole, akawasha umeme. Kisha akakaa kwenye stuli, mikono imekunjwa, akijiandaa kuaga. Aliitazama rafu yake ya chupa, ndefu nyuma na fupi mbele, akafikiri hamira huenda si mbaya sana kweli. Alikuwa ameshakata tamaa, na aliyekata tamaa hupumzika kidogo. Hivyo alipoingia chumba cha giza na kuwasha taa ya zambarau hakuwa na haraka wala dua.

Mstari ulikuwa juu.

Hakuamini. Alizima taa, akawasha. Juu! Si sana, ndugu zangu, sitawadanganya: kiasi cha punje moja ya mchele iliyolazwa. Lakini kwenye kishimo kile chenye vidole, DNA ilikuwa imekokota miguu, imebeba mtu mgongoni. Akatoa sauti ambayo hata leo hakuna anayekubali kuwa ni yake, na mtu wa maabara ya jirani akaja kuuliza kama kuna aliyeungua.

Furaha ile ilidumu mpaka mlangoni. Maana akiwa na jeli mikononi alijiambia: imeshika ndani ya bafa ya Ovyo. Je, kama siyo vidole vilivyoshika? Kama ni ukungu wa mkate? Kama ni hamira? Akamrukia yule bwana kama askari wa doria.

"Umeweka nini humu?"

Ovyo akashtuka, akashika chupa kifuani. "Kwani imeharibika?"

"Niambie tu umeweka nini!"

"Chumvi. Ile dawa ya kutuliza. Maji." Akafikiri. "Maji nina hakika."

"Na nini tena?"

Uso wa Ovyo ukabadilika, akashusha sauti, akatazama mlango wa Profesa. "Dada, tafadhali, usimwambie. Najua kanuni inasema nitie na EDTA. Lakini chupa yake iko kabati la juu kabisa, ngazi ameazima fundi, na mimi kimo changu ndio hiki. Nikaacha. Nilisema nitatia kesho. Sasa ni wiki nyingi, na kesho haijafika. Haki ya Mungu sikukusudia kuharibu kazi yako."

Msafi alisimama. Ndani ya kichwa chake, jamani, ilikuwa kama mtu ametoa pini moja na pazia zima likaanguka. EDTA inakamata metali. Zinki ni metali. Vidole vyake vimeshikiliwa na zinki. Miezi yote hiyo, kila alipoviosha, alikuwa akiing'oa ile chembe ya katikati, moja baada ya nyingine, kwa mikono yake mwenyewe. Na kidole kikinyang'anywa zinki hakina mfupa tena, kinalegea, kinakuwa uzi mtupu, na uzi mtupu hauwezi kupapasa herufi. Alivyozidi kuviosha ndivyo alivyozidi kuvivunja. Hapakuwa na adui hata mmoja. Adui alikuwa kitambaa chake cha kupangusia.

Aliona haya, haya ya kweli, ya kumpasha masikio moto. Halafu, bila kutarajia, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye sakafu, kwa koti lile lile, naye Ovyo akadhani sasa amechanganyikiwa na akamletea maji kutoka chupa ya "MAJI?". Msafi akayakataa, lakini kwa upole.

Jioni Profesa alipelekewa jeli. Aliivalia miwani, akaitazama muda mrefu.

"Umebaki juu," alisema.

"Ndiyo, Profesa."

"Hata gundi inashika, mwanangu. Hata jasho la mkono linashika. Sikukuomba kidole kinachoshika tu. Uliniahidi kidole kinachosoma." Akavua miwani. "Kesho kabla ya kikao nionyeshe kinachagua. Na unionyeshe ni zinki inayofanya kazi hiyo, siyo mkate wa mwenzako."

Kumbe alijua! Profesa alijua kila kitu katika maabara ile, ila hakusema mpaka ikahitajika.

Basi ikapambazuka Ijumaa, siku iliyoandikwa. Fundi alikuwa amefika, ajabu ya maajabu, na maji safi yalitiririka. Msafi akatengeneza bafa mpya kwa mikono yake, angavu na iliyochujwa, akafika kwenye mstari wa mwisho wa kanuni uliosema EDTA, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye chupa ile, kwa mazoea ya miaka. Akaukamata mkono wake kwa mkono mwingine. Kwa nguvu kabisa. Mahali pa EDTA akatia zinki kidogo, kiasi cha kuvipa vidole mfupa wao, akaifunga chupa.

Kisha akachimba vishimo vinne katika jeli, na kabla ya vita akavihutubia vidole vyake, pale barafuni, kwa sauti ya chini ili Ovyo asisikie, ingawa Ovyo alisikia.

"Nisikilizeni," aliwaambia. "Nimewakosea. Niliwavua mifupa nikawalaumu kwamba hamsimami. Leo mnayo zinki yenu. Cha kwanza ni DNA peke yake, humo hamumo, msijali. Cha pili ni sentensi yenu, ileile niliyowaundia, hiyo shikeni. Cha tatu nimebadilisha herufi chache tu, itawatania, itafanana na yenu. Msiishike hata kidogo. Na cha nne," hapa akaiinamia barafu, "cha nne nimewatilia EDTA. Humo mtaanguka. Samahani. Ni lazima mwonekane mkianguka, ndipo watu waamini mlikuwa mmesimama."

Akatia, akawasha. Umeme ukaanza kuvuma, na povu dogo likapanda kwenye nyaya pande zote mbili. Ovyo alikuja kusimama kando yake akiwa na kikombe cha chai. Msafi akamtazama, akatazama kikombe, akavuta pumzi, akanyamaza. Huo nao ulikuwa ushindi, ila hautaandikwa popote isipokuwa hapa.

Wakaja watu wa kikao. Walisikia kwamba leo kuna jambo, wakajaa katika chumba kile kidogo cha giza mpaka wengine wakabaki koridoni wakichungulia juu ya mabega: wa hamira, wa minyoo, wa magonjwa ya mahindi, na yule wa maabara ya jirani aliyesikia sauti ya jana. Profesa alisimama mbele. Msafi alilaza jeli kwenye kioo, akaweka kidole kwenye swichi, na hakuibonyeza.

"Washa, mama," Profesa akasema taratibu.

Akawasha.

Kishimo cha kwanza: mstari chini, kama ulivyotakiwa. Kishimo cha nne: chini, vilikuwa vimeanguka, maskini. Kishimo cha tatu, kile cha herufi za kutania, chini kabisa, safi, bila hata kivuli. Na kishimo cha pili, mbele ya mashahidi wote wale, peke yake katikati ya wenziwe walioshuka, mstari ulikuwa juu.

Kisha yule wa minyoo akasema, "Weee!" na chumba kikalipuka.

Profesa hakupiga makofi. Aliinamia kioo, miwani puani, akakaa hivyo mpaka watu wakaanza kutazamana. Alipoinuka, macho yake yalikuwa na maji, akasingizia taa. "Vinasoma," alisema. "Kweli vinasoma." Kisha akamgeukia shujaa. "Ulibadilisha nini?"

Na sasa, enyi mliovumilia mpaka hapa, tegeni sikio, kwa kuwa swali hilo lilikuwa kubwa kuliko friza. Angeweza kusema: niliboresha bafa. Ingekuwa kweli, ingetosha, na koti lake lingebaki jeupe. Msafi alifikiri hivyo, nisifiche, alifikiri kwa muda wa kumeza mate.

"Nilikuwa ninaing'oa zinki mwenyewe, Profesa," akasema mbele ya watu wote. "Kwa EDTA yangu. Miezi yote hii. Hakuna kilichokuwa kibaya isipokuwa usafi wangu. Nisingejua kama Kaka Ovyo asingeniazima bafa yake, ambayo haina EDTA kwa kuwa..." akamtazama Ovyo, aliyekuwa amefumba macho akingoja kunyongwa, "kwa kuwa yeye haitii. Jina lake nitaliandika pamoja na langu."

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka ghorofa ya kwanza, lakini hakikuwa kicheko kibaya, na Msafi aligundua kwamba hakimuumizi. Profesa alicheka pia, wote waliona, mara moja, kwa kutikisa bega. "Rafu ni yako," alisema. "Na hilo boksi la barafu lililoniangukia, nadhani ni la Ovyo. Liondoke."

Wakatoka wote, wakabaki wawili na taa.

"Dada," Ovyo akasema, amevimba kwa furaha kama hamira zake, "utaniandika kama nani?"

"Kama mtu aliyetengeneza bafa ya kwanza. Niandikie tu kipimo chake: chumvi kiasi gani, dawa kiasi gani."

Ovyo akakuna kichwa. Akatazama dari. Akatazama viatu.

"Sikumbuki," akasema.

Zamani, yaani Jumatatu, neno hilo lingemtia Msafi kichaa. Sasa alimtazama tu bwana yule, akatikisa kichwa, akacheka, akajifuta macho kwa mkono wa koti. Jueni basi, na wajulisheni walio majumbani: falme zimeinuka bila wewe kupata habari na zimeanguka bila mimi kujali, lakini siku ile, katika ghorofa ya pili, kidole kisichoonekana kwa jicho kiliingia katika mfereji usioonekana kwa jicho, kikapapasa herufi, kikazikataa zilizofanana, kikazikuta zilizo zake. Na kikashika.